Deki ya Wheel Horse: shafti ya kati sasa inazunguka hata nati ikiwa imekazwa

Imezunguka! Jana jioni nimekaza nati ya kisu cha kati cha trekta yangu ya kufyeka nyasi mpaka spana ikagoma, nikasukuma puli kwa kidole, shafti ikaenda yenyewe mizunguko kadhaa ndipo ikasimama. Haikukwama wala haikukwaruza. Nimeisukuma tena na tena mpaka watoto wakaniita ndani kula.

Trekta ni Wheel Horse ya miaka ya 1970, injini ya Kohler ya silinda moja, nguvu za farasi 12, na injini hiyo haijawahi kunipa shida. Shida ni deki ya kufyekea, lile sanduku la visu chini ya trekta: inchi 42, visu vitatu, kibao cha namba kimeliwa na kutu, kwa hiyo sina namba ya spea ya kumtajia muuzaji. Hapa Jinja spea za Bajaj na Toyota zimejaa, ila za trekta ya bustani iliyotoka South Bend, Indiana, kabla kampuni haijanunuliwa na Toro mwaka 1986, sahau. Unapima mwenyewe, unakwenda kukerezesha.

Shafti ya zamani ilikuwa ya robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Beringi ya saizi namba 6203 ina tundu la milimita 17, ya 6204 ina la 20, na mimi niko katikati. Ipo 6203 maalumu yenye tundu la robo tatu ya inchi, lakini kuanzia Main Street hapa Jinja hadi Kisenyi kule Kampala kila niliyemuuliza alinipa ile ya 17 akaniambia, "Punguza shafti, ssebo (bwana)." Nimekataa kabisa. Uwezo wa shafti kustahimili msokoto unafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu: ukishuka kutoka 19.05 hadi 17 unapoteza karibu asilimia 29, ukipanda hadi 20 unaongeza karibu asilimia 16. Na shafti ya kati ndiyo inayopokea mkanda wa injini na kuvigawia visu vya pembeni. Hiyo si ya kukondesha.

Isitoshe ilikuwa imelika pale beringi iliposhika. Basi nikatafuta ekseli chakavu ya Hiace, mzee wa mashine ya kukereza akanitolea shafti mpya ya milimita 20, ncha ya juu akaipunguza hadi 19.05 ili puli ya zamani iingie. Hausingi, yaani gamba linalobeba beringi, tundu lake likatanuliwa kutoka milimita 40 hadi 47 ipokee 6204. Ni chuma cha kusubu chenye ukuta mnene, imevumilia. Karakana ya kwanza niliyoipelekea hausingi moja ya akiba ilitoboa upande mmoja, ikafungua chaki (taya za mashine zinazoshika kipande), ikageuza, ikatoboa wa pili. Matundu mawili, kila moja na kitovu chake. Ile imekwenda kwenye skrepa. Mzee yeye aliishika mara moja tu, akapita pande zote mbili bila kuigusa chaki, na hapo ndipo pesa ya kukereza inapopata maana.

Sasa tuje kwenye kilichonikosesha usingizi. Kila kitu kimefungwa, beringi mbili zimekaa, shafti inazunguka vizuri kabisa kwa mkono. Weka kisu, kaza nati: inakuwa nzito. Kaza zaidi: imeganda. Legeza robo mzunguko: huru tena. Nikabadilisha beringi nikidhani ni bandia (za kwanza zilikuwa bandia kweli, maandishi yalifutika kwa tone la tina ya kuyeyushia rangi), lakini na zile halisi ikawa vilevile. Shafti ikapimwa, imenyooka. Maikromita inasoma milimita 20.01, ndivyo inavyotakiwa kwa beringi inayozunguka na shafti.

Ilibaki bushi ya katikati, kile kipande cha bomba kinachokaa kati ya beringi mbili na kugusa vikombe vya ndani, yaani zile pete za beringi zinazoishika shafti. Watu wengi hapa wanaikata kwa grainda kwa kukadiria, au hawaiweki kabisa. Kazi yake ni hii: nati inapokazwa, inavivuta vikombe vya ndani vikaribiane, wakati vikombe vya nje vimezuiwa na mabega (vidato) ya ndani ya hausingi. Bushi ikiwa fupi hata kidogo, nguvu yote ya nati inapitia kwenye gololi. Beringi inabanwa kabla hata ya kufanya kazi, inapata moto, grisi inayeyuka na kutoka, na baada ya ekari chache unamlaumu muuza beringi.

Kabla ya kumrudia mzee nilitaka ushahidi. Nikakata pete kwenye kopo la soda, bati lile la ubavuni ambalo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, nikalisugua kingo kwa msasa laini lisiache makali, nikaliweka kati ya bushi na kikombe cha ndani. Kaza nati: bado nzito, lakini nafuu. Nikaweka pete ya pili. Kaza. Huru! Pete mbili za kopo la soda zimemaliza ubishi.

Ndipo nikapima kwa utulivu. Kimo cha hausingi chote milimita 90.20, kina cha bega la juu 15.06, la chini 15.10, kwa hiyo kati ya mabega kuna 60.04. Bushi ilikuwa 59.90. Upungufu wa 0.14 tu! Mzee amenikerezea nyingine ya 60.10, nyuso zote mbili sambamba, na hiyo ziada ya 0.06 inamezwa na kikombe cha nje kinachoweza kusogea kidogo ndani ya hausingi. Nimeiwasha deki bila nyasi kwa muda wa kunywa chai, nikaweka kiganja kwenye hausingi: vuguvugu tu.

Kuhusu vifaa: venia (kipimio cha taya) ya kidijitali ya bei rahisi inatosha kuchagua bolti, basi. Vipimo vya kina hapo juu vimetoka kwenye venia ya zamani ya mzee, ya chuma, isiyo na betri, na mkono wake uliozoea. Kwa kutu, sitaki tena kusikia habari za brashi ya waya. Pipa la maji, magadi yale yale ya kupikia maharagwe, chaja ya betri, hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kinaacha sumu ndani ya maji. Fanyia nje, maana gesi inayotoka inawaka.

Na visu vya springi ya lori hapana, hata kama ni bure. Kisu cha sentimita 38 kikienda mizunguko 3,600 kwa dakika, ncha yake inapita mita 70 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Springi iliyokolezwa vibaya ikigonga jiwe inapasuka, na anayekaa juu ya trekta ni kijana wangu.

Mpango ulikuwa sasa nipake rangi nyekundu kabla mvua hazijaziotesha nyasi za paspalamu mpaka magotini. Lakini nilipokwenda duka la spea za mashine za kusagia mahindi kutafuta mkanda, nikaiona UCF204-12 rafuni: beringi yenye flenji (bamba la kufungia) ya bolti nne, tundu la robo tatu ya inchi hasa. Shafti za pembeni bado nzima, bado ni 19.05! Beringi hii inajipinda yenyewe ndani ya flenji, kwa hiyo kutoboa kwa kitovu kimoja hakuhitajiki sana, na inashikwa kwenye shafti kwa skrubu zake, kwa hiyo hakuna bushi ya katikati ya kukorofisha. Mbili kwa kila shafti, moja juu na moja chini ya kisanduku cha bati la milimita 6.

Mzee hajafurahi. "Skrubu hizo zitalegea, mwanangu. Mashine ya kusaga imefungwa kwenye saruji, hiyo yako inarukaruka shambani." Hoja yake ina uzito, ndiyo maana nitachimba vishimo kwenye shafti mahali skrubu zinapouma na kuanza na upande wa kushoto peke yake. Bati nimeshalikata. Rangi itasubiri.