Mtoto mdogo mbele ya dirisha la kantini

Mtoto wa miaka 6 au 7 anapopewa hela ya kantini, kinachomshinda kwanza si hesabu, ni mikono. Amekumbatia chupa ya maji, anasukumwa kwenye foleni, sarafu zimelowa jasho kiganjani. Ikidondoka moja, akiinama kuiokota ameshapoteza nafasi yake. Mpe kipochi kidogo chenye zipu, kikae kwenye mfuko wa sketi au kaptula, siyo kwenye begi, maana begi hubaki darasani.

Weka pesa kamili ya kitu kimoja. Noti kubwa inamlazimu kusubiri chenji, na watoto wadogo huondoka mara tu wanaposhika kitafunio. Akishazoea, baada ya wiki 2 au 3 hivi, ndipo umwongezee kidogo ili ajifunze kudai chenji na kuihesabu hapohapo dirishani.

Fanyeni mazoezi nyumbani: meza iwe kaunta, wewe uwe muuzaji. Ataje anachotaka kwa sauti, atoe hela, asubiri, apokee, ashukuru. Rudieni mara 5. Kisha muuzaji aseme, "Kimekwisha." Hapa ndipo wengi huganda au hulia, kwa hiyo awe na chaguo la pili kichwani tangu asubuhi.

Kama ana mzio, wa karanga kwa mfano, tafadhali usimwachie yeye kukumbuka. Zungumza na muuzaji na mwalimu wa darasa ana kwa ana, na umfundishe mtoto asipokee hata kipande cha chakula kutoka kwa rafiki.