Madirisha ya Nonno

Juzi tulipika pilau. Binti yangu akawa anachambua zabibu kavu na kuzipanga ukingoni mwa sahani, kisha akauliza: "Baba, hizi zilikufa?" Mama yake alicheka. Mimi akili ilishapanda ngazi za mbao hadi kwenye lile dari kule Valpolicella, milimani juu ya Verona, Italia.

Nilivyofika kule kuwa kibarua wa mavuno ya zabibu ni hadithi nyingine, siisimulii leo. Kuvuna nako nakuruka: kiuno, nyigu, mkasi, kreti. Ila kwa watu wale kuvuna ni nusu ya kazi. Vichala bora vya Corvina, zabibu nyeusi za kule, havikamuliwi papo hapo. Vinapandishwa darini na kulazwa juu ya vichanja vya matete, visigusane, vikae vinywee hadi vipoteze kama theluthi ya uzito wake. Sheria yenyewe inakataza kukamua kabla ya tarehe 1 Desemba. Humo ndimo inamotoka Amarone, mvinyo mwekundu mkavu, kilevi chake asilimia 14 kwenda juu. Wasiokunywa mnivumilie, leo nasimulia zabibu tu.

Dari lile Nonno alirithi kwa baba yake, naye kwa baba yake. Nonno ni babu. Sote tulimwita hivyo, hata sisi vibarua. Silaha yake ilikuwa madirisha: upepo mkavu ukivuma anafungua, unyevu ukija anafunga. Mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha shughuli, alikuwa ameleta mafeni na mashine ya kukausha hewa. Mashine ile haifanyi kazi madirisha yakiwa wazi. Basi hawakugombana kwa maneno. Baba anafungua, mwana anafunga, na sisi tunapita katikati na kreti zetu kama hatuoni.

Asubuhi moja ya Novemba, mwana akiwa ameshuka mjini, Nonno akaniita juu. Nje ukungu ulikuwa mzito, mizabibu ya pale chini ya nyumba haionekani. Mashine inanguruma. Akaizima. Nikamsubiri afungue madirisha. Hakufungua.

Alichukua kichala, akakigeuza, akakipanua kwa vidole gumba pale katikati zabibu zinapobanana. Ndani mlikuwa na moja yenye manyoya ya kijivu. Kuvu. Akatoa mkasi mdogo mfukoni, akaikata pamoja na jirani zake wawili waliokuwa wazima, akaziacha zianguke sakafuni. Kisha akachuma nyingine, iliyokunjamana kama goti la bibi, akanipa. Utamu ulitangulia, uchachu ukafuata, halafu ganda likabaki mdomoni likitaka kutafunwa. Yeye wakati wote alikuwa ananitazama taya.

"Kwenu mizabibu ipo?"

"Ipo, Nonno. Dodoma. Tunavuna mara mbili kwa mwaka."

Alinikazia macho kama mtu anayedanganywa bei sokoni. "Mara mbili?"

Nikamweleza kwamba kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ukishavuna unapogoa, nao unachipua upya. Alinyamaza kitambo, kichala kingali mkononi.

"Sasa unapumzika lini?"

Sikuwa na jibu. Alikirudisha kichala kichanjani, akakisogeza kidogo kisimguse mwenzake, akaenda akaiwasha mashine mwenyewe. Pale ngazini akanigeukia, akaweka kidole mdomoni.

Jioni mezani mwana akauliza, "Baba, leo hukufungua madirisha?"

"Nilisahau," akasema Nonno, na mzee yule alikuwa anakumbuka mvua ya mawe ya kila mwaka tangu utoto wake.

Nimejaribu mara kadhaa kuligeuza tukio hili liwe funzo la mila na usasa, halikubali. Kesho yake ukungu ulipoinuka alifungua madirisha yote, mwana akaja akayafunga, maisha yakaendelea. Zabibu zile zilikamuliwa Januari na mimi nilishaondoka, kwa hiyo hata sijui mvinyo wake ulikuwaje.

Niliporudi nyumbani nilimpelekea swali lile mzee mmoja wa Hombolo, kule Dodoma, mwenye shamba la zabibu miaka mingi. Alikuwa anapogoa. Hakuacha.

"Upumzike?" akasema. "Kwani mimi napumzika lini?"