Maumivu yenye anwani

Jumapili, usiku

Siku 12 zimepita tangu nitolewe mfuko wa nyongo, na leo ndiyo kwanza napata nguvu ya kuandika. Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia. Mawe yalikuwa yamejaa, wakatoboa matundu manne madogo tumboni, wakautoa, basi. Ninachotaka kukiweka hapa kabla hakijanitoka ni zile saa 11 baada ya kuzinduka kutoka nusu kaputi.

Nianze na mkanda wa kupimia presha. Mwenzangu mwenye faibromayalgia, huu ugonjwa wa kuumwa mwili mzima usiokwisha, atanielewa upesi. Ule mkanda ukijaa upepo, kwa wengine ni kubanwa tu; kwangu ni kama mfupa wa mkono unakamuliwa. Asubuhi ile, walipokuwa wakinitayarisha, ulinibana hadi machozi yakanitoka. Muuguzi akadhani naogopa kisu. "Usiogope, dada, utalala tu." Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Kisha ikaja propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa, ikaniunguza kidogo ikipanda kwenye mshipa, na hapo kumbukumbu yangu inakatika.

Nilizinduka mkanda uleule ukiwa unajaa. Nikasubiri uniumize. Ukabana, ukazidi kubana, ukaachia kwa ule mlio wake wa kutoa pumzi. Nilikuwa nimebanwa mkono, hakuna zaidi. Nikausubiri tena, maana hujaa wenyewe kila baada ya dakika kadhaa, na mara ya pili ikawa vilevile. Ndipo nikaanza kujikagua polepole, kama mtu anayezunguka nyumba usiku akijaribu milango: shingo, mabega, viwiko, nyonga, magoti. Kimya. Miguu yangu, ambayo kila asubuhi huamka kama imetoka kupigwa, ilikuwa miguu tu.

Tumbo liliuma, sikatai. Kila tundu lilikuwa na mchomo wake, na bega la kulia nalo likawa na uchungu wa ajabu. Muuguzi akanieleza kwamba ni gesi ya kaboni wanayolijazia tumbo ili waone vizuri ndani. Mabaki yake huusumbua msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na kwa kuwa neva ya msuli huo inatokea shingoni, mahali palepale zinapotokea neva za bega, ubongo unasikia bega. Nilimsikiliza kwa furaha. Maumivu yenye sababu, yenye njia, yenye mwisho unaojulikana! "Siku mbili tatu yatakwisha," akasema, na kweli yalikwisha.

Maumivu yale yalikuwa na anwani. Aliponiuliza naumwa wapi nilionyesha kwa kidole, akaandika, akaleta dawa. Hakunichunguza usoni kuona kama nasema kweli. Mimi naumwa mwili mzima mwaka wa tisa sasa, na swali hilohilo, "wapi?", ndilo lililonishinda katika kila chumba cha daktari. Ukijibu kila mahali, unaonekana hujajibu. Damu ikipimwa, safi. Picha zikipigwa, safi. Hadi mwaka wa sita ndipo daktari mmoja mtu mzima akanikalisha, akanibonyeza kwa dole gumba sehemu 18, moja baada ya nyingine, kwa nguvu ya kutosha ukucha wake kugeuka mweupe. Ndiyo njia iliyowekwa mwaka 1990: zikiuma 11 kati ya hizo 18, na maumivu yawe yameenea mwilini kwa miezi mitatu au zaidi, basi ugonjwa una jina. Vigezo vya mwaka 2010 viliweka maswali badala ya kubonyeza, lakini mimi nalishukuru lile dole. Alihesabu 16.

Mchana daktari wa usingizi alipita kuniona. Swali langu nilikuwa nimeshalipanga: ni ile dawa ya kulegeza misuli ndiyo iliyonifanya hivi? Maana siku zote nimeamini ugonjwa wangu umekaa kwenye misuli. Akatikisa kichwa. Dawa ile huondolewa nguvu kabla mgonjwa hajaamshwa, la sivyo asingeweza kupumua mwenyewe. Akanitajia nyingine: fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya morfini, na ketamini kidogo, aliyoiongeza kwa sababu fomu yangu ilisema nina maumivu sugu. Akavuta kiti. Kwa watu kama mimi, akasema, neva za uti wa mgongo na ubongo ni kama redio iliyofunguliwa sauti yote. Mguso mdogo unapokelewa kama kelele. Ketamini huziba mojawapo ya milango inayoipandisha sauti hiyo. Kwa muda.

"Muda gani, daktari?"

"Saa kadhaa. Ukibahatika, mpaka kesho. Pole sana, dada yangu."

Nimeambiwa mara nyingi kwamba haya mambo yako kichwani mwangu. Ndiyo, yako kichwani, na kwenye uti wa mgongo pia, kama vile kifafa kilivyo kichwani. Siku ile hakuna aliyeigusa misuli yangu wala maungio yangu, na vyote vilinyamaza. Kama ningekuwa najitungia, ningenyamazishwaje na dawa ambayo hata sikujua nimepewa?

Sikuomba niandikiwe ya kwenda nayo nyumbani. Fentanili na jamii yake hazishauriwi kwa ugonjwa huu, na ketamini kwa wenzetu waliojaribiwa nafuu yake haikudumu. Kinachoshauriwa mbele ya dawa zote ni mazoezi, kidogo kidogo, nami nitarudia matembezi yangu vidonda vikiruhusu.

Jioni mdogo wangu alikuja. Yeye hunikumbatia kama anayeshika yai, ameshazoea. Nikamwambia, "Nikumbatie kwa nguvu." Akaogopa kidonda. Nikamwonyesha upande wa kushoto, akainama, akanikaza, nikasikia uzito wa kichwa chake begani na joto la shavu lake. Nikamwambia asiachie kwanza. Alipoachia, muuguzi akaja kunigeuza, akakuta paja langu lina mstari mwekundu wa kina. Nilikuwa nimelalia kunjo la shuka tangu asubuhi na sikujua.

Ilipofika saa nne usiku nikaanza kuusikia mshono wa shuka chini ya nyonga ya kushoto. Nikajua. Saa saba yalikuwa yamerudi yote, mpaka viganjani, nikalia kwa sauti ya chini ili nisiwaamshe wengine.

Hayakurudi kwa ukali zaidi. Yalikuwa yaleyale ya jana yake. Nina daftari ninamoandika kila siku namba, kuanzia 0 hadi 10, na siku nzuri nilikuwa nikiandika 4. Hiyo sufuri niliyokuwa nikianzia sikuwa naikumbuka tena, nilikuwa naikisia. Leo ni siku nzuri: nimefua nguo mbili, nimepanda ngazi bila kupumzika katikati. Nimeandika 7.

Jumanne narudi kuonyesha vidonda. Vimekauka vizuri. Daktari ataniuliza naumwa wapi.