Nilivyoiondolea TV ya saluni matangazo, na umbea juu yake

Ukitaka kumjua mtu anayeshauri asichowahi kujaribu, muulize namna ya kuondoa matangazo ya YouTube kwenye TV. Atakujibu, "Badilisha DNS tu." Shemeji yangu alinijibu hivyo. Kijana wa duka la simu pale Jamatini, hapa Dodoma, alinijibu hivyo. Mteja wangu mmoja anayefanya mambo ya kompyuta kule Mtumba alinijibu hivyo kichwa chake kikiwa ndani ya drayer, yaani kwa kupiga kelele, saluni nzima ikasikia na wote wakaanza kunisihi nibadilishe DNS.

Haya, tukabadilisha. Shemeji ndiye aliyekuja, akakalia kiti cha wateja, akawa anaingiza namba moja moja kwa mishale ya rimoti. Alipomaliza akajifuta jasho: "Haya shem, weka kitu chochote." Nikaweka video ya kusuka rasta. Msusi hajagusa hata unywele, likaingia tangazo la kubeti. Shemeji akasema DNS inahitaji muda kukubali. Tukazima, tukawasha. La kubeti tena, halafu la sabuni. Akasema labda ni bando langu. Akanunua lake. Tangazo likaja safi kabisa, halikwami hata kidogo.

Nilikuja kuelewa baadaye, na nashangaa hakuna aliyenieleza. DNS ni daftari la anwani: TV inauliza seva fulani iko wapi, na DNS ya kuzuia matangazo inakataa kutaja anwani za seva za matangazo. Kwenye tovuti za habari inasaidia kweli, simu yangu naiachia hiyo mpaka leo. Ila YouTube matangazo yake yanatoka kwenye seva zilezile zinazotoa video, zile zenye jina la googlevideo.com. Ukilizuia hilo jina, tangazo limekwenda na video imekwenda nalo. Shemeji alijaribu hata hilo. Kioo kikawa cheusi tii, hakuna tangazo hata moja, na yeye akadai tumepiga hatua.

Matangazo peke yake ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni ule ukurasa wa mwanzo. TV ilikuwa kwenye akaunti ya simu yangu, na usiku nikiwa nyumbani natazama mambo yangu: dalili za mume aliyebadilika, namna ya kutoka kwenye madeni ya vikoba, maombi ya saa tisa usiku. Asubuhi nikiwasha TV ya saluni, yote yamepangwa pale kwa picha kubwa na maandishi manene. Mama mmoja mtu mzima, anatoka Chang'ombe, akayasoma kwa sauti moja baada ya jingine, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, baba Neema hajambo?" Mpaka nafunga jioni nilishapewa ushauri wa ndoa na wasichana ambao hawajaolewa.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, hata kama hutafanya mengine yote: itoe TV kwenye akaunti yako.

Na TV zenyewe zina macho. Nyingi za kisasa zina programu ndani inayotambua picha iliyoko kwenye kioo na kuripoti kwa waliotengeneza, hata kama picha hiyo inatoka kwenye king'amuzi au deki kwa waya. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio huko Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi ya namna hiyo, iliyohusu TV milioni 11. Yangu ni ya kampuni nyingine, sijui tabia zake, na sikutaka kuzijua. Nilifuta nywila ya Wi-Fi na sijaiingiza tena. Haina intaneti, haina wa kumripotia. Imebaki kioo.

Sasa video zitatoka wapi? Fundi mmoja wa Majengo aliniletea kile kiboksi cheusi cha Android kisicho na jina la kueleweka, "kina kila kitu ndani dada, chaneli zote za dunia, hulipi chochote." Nilimrudishia siku hiyohiyo. Jamani, hivyo viboksi vya bei ya kutupa vingine vinatoka kiwandani na virusi tayari. Mwaka 2025 FBI walitoa onyo kabisa juu ya mtandao unaoitwa BADBOX 2.0, viboksi na vifaa vya aina hiyo kwa mamilioni, vinatumia intaneti yako kufanyia utapeli wa watu usiowajua. Unakimbia tangazo la sabuni unamkaribisha mwizi sebuleni.

Kama TV yako ni ya Android yenyewe, watu wanatumia SmartTube, programu ya kutazamia YouTube, na inafanya kazi vizuri: haina matangazo na unaendesha kwa rimoti ya kawaida. Haiko Play Store, unaichukua kwa mtengenezaji mwenyewe, usikubali ya kwenye flashi ya fundi. Na usiwe na toleo la zamani, kwa sababu mwishoni mwa 2025 waliingiliwa, likasambaa toleo lililotiwa kirusi, mtengenezaji ikabidi abadilishe ufunguo wake wa kusainia, yaani ile alama inayothibitisha programu ni yake. TV yangu si Android, kwa hiyo mjadala huo haukunihusu, nashukuru.

Mimi nilinunua laptopu ya mtumba. Mwanafunzi wa UDOM alikuwa anamaliza chuo na anauza kila kitu mpaka ndoo, nikaipata kwa laki mbili na kidogo, betri imekufa, kibodi haina herufi ya "a". Kwa kazi yangu kibodi ya nini? Waya wa HDMI, wa kuiunganisha na TV, ni elfu kumi hivi, usinunue ule mwembamba. Nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, nikaweka Firefox, ndani yake uBlock Origin, kijalizo cha kuzuia matangazo. Iandikwe hivyohivyo, uBlock Origin, kwa sababu kuna nyingine yenye jina la kukaribiana isiyo na undugu nayo. Na iwe Firefox: Chrome ilishaifungia ile kamili, wamebakiza nyepesi yake. Sikuingia kwenye akaunti yoyote.

Matangazo yakapotea. Lakini laptopu ikaanza kuchemka, feni inavuma kuliko drayer, video inakatakata, msusi anashika nywele hapa mara mkono uko kule. Hapa ndipo ushauri wa pili wa kijinga ulipokuja: nunua laptopu mpya. Nunua RAM. Wengine wakasema ni joto la Dodoma. Nilikaa na hilo jambo usiku kucha kwenye simu, na nililolipata nalitamba mpaka leo.

Ni hivi. YouTube siku hizi inapenda kutuma video kwa mfumo wa VP9 au AV1. Zinabana vizuri, ila prosesa za zamani hazina sehemu maalumu ya kuzifungua. Za Intel zilianza kuifungua VP9 kikamilifu zenyewe kizazi cha 7, ya kwangu ni cha 4. Kwa hiyo inafungua kwa nguvu za mikono, inakwisha pumzi. Mfumo wa zamani, H.264, inaujua tangu izaliwe, na YouTube bado wanao mpaka ubora wa 1080. Kuna kijalizo kidogo cha Firefox kinaitwa h264ify, ni cha bure, kazi yake moja tu: kuiambia YouTube "huyu mpe H.264." Nikakiweka, nikafungua video ileile, feni ikanyamaza. Ikanyamaza kabisa! Fundi aliyeniuzia waya alikuja kunyoosha shingo aone nimebadilisha nini ndani. Nikamwambia nimeiombea. Bando linaliwa zaidi kidogo, ndiyo, ila ni nafuu kuliko laptopu mpya.

Rimoti yangu ni simu. Kuna programu inaitwa KDE Connect, moja kwenye simu, moja kwenye laptopu, zikiwa Wi-Fi moja simu inakuwa mausi na kibodi, hata "a" nimeipata. Mtu akikupigia simu, video inasimama yenyewe. Kuna kipengele kinachotaka kupeleka taarifa za simu kwenye kioo, hicho nilikizima kabla ya kitu kingine chochote. Mweka hazina wa kikoba chetu anaandika ujumbe kwa herufi kubwa.

Faragha kamili usijidanganye: YouTube bado wanaona anwani ya intaneti yako na video uliyoomba. Wasichokuwa nacho ni jina lako limefungwa nayo, na historia ya miaka. Kwa chaneli ninazozifuata natumia FreeTube, programu ya kutazama YouTube bila akaunti, orodha inabaki ndani ya laptopu badala ya kwenye akaunti. Ikigoma ghafla, sasisha, YouTube wakibadilisha mambo nayo inayumba.

Za kwaya na za kusuka zinazorudiwa kila siku nazishusha usiku kwa bando la usiku, kwa yt-dlp, programu ya kushusha video, asubuhi VLC inazicheza bila intaneti. Masharti ya YouTube hayapendi hilo, wala la kuzuia matangazo, najua. Yule dada ninayejifunzia kwake mishono ya nywele namtumia hela kwenye simu mara mojamoja, nadhani ni zaidi ya alichokuwa anapata kwa mimi kutazama tangazo la kubeti.

Laptopu nimeipandisha juu ya kabati, nyuma ya TV. Vumbi la huku pamoja na vipande vya rasta vinaingia kwenye feni, nasafisha kwa brashi ya kupakia rangi ya nywele, iliyo kavu.

Kilichobaki ni matangazo anayoyasema mtangazaji mwenyewe katikati ya video, "kabla hatujaendelea, wapendwa..." Hayo uBlock haiyaoni. Kijalizo kingine, SponsorBlock, ndicho kinachoyaruka, ila kinategemea watazamaji kuweka alama tangazo limeanzia wapi na kuishia wapi, na kwa video za Kiswahili nilizokuwa natazama hakuna aliyejisumbua. Basi mteja akiwa kwenye stimu, mimi na simu yangu naweka alama. Hakihitaji hata akaunti. Ukiona video ya kusuka inaruka ghafla maneno ya mafuta ya kukuza nywele, kuna uwezekano mkubwa ni mimi.