Siku Moja Maishani Mwangu: Rapa wa Likoni Baada ya Video Kusambaa

Wengi wanaonisimamisha njiani hapa Mombasa wananijua kwa video ya dakika moja na ushei, iliyopigwa tulipokuwa tukisubiri kuvuka kutoka Likoni, rafiki yangu akigonga mdundo juu ya mtungi mtupu wa maji, simu yake ikiwa imeegemezwa kwenye uzio wa chuma, nami nikimwaga mistari kuhusu foleni, jua na bei ya unga. Video hiyo ilisambaa hadi watazamaji wake wakapita idadi ya wakazi wa kaunti hii nzima, ambao katika sensa ya 2019 walihesabiwa kuwa milioni 1.2. Umaarufu huo nilipewa na watu nisiowajua. Kazi ya muziki ilinibidi niianze upya, na kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi kazi hiyo ni ipi hasa, nimeamua kuieleza kwa siku moja, Alhamisi iliyopita, kama ilivyokwenda.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Baada ya swala hukaa uani na daftari kabla majirani hawajafungua redio. Sikufundishwa kurapu na mtu. Nilichukua nyimbo za wengine nikazipunguza kasi kwenye simu mpaka nikasikia wanapovuta pumzi, kisha nikaanza kutia alama ya mkwaju katika mistari yangu kila mahali ambapo nami ningeweza kuiba pumzi bila msikilizaji kujua. Hesabu yake haina huruma: kwa mdundo wa mapigo 90 kwa dakika, ubeti wa baa 16, kila baa ikiwa mapigo manne, humalizika kwa sekunde 43 hivi, na asiyepanga pumzi mapema hufika baa ya kumi na mbili akihema badala ya kutamka.

Nilichokuwa nacho kabla ya programu yoyote ya kurekodi ni vina na mizani vya darasani. Mshororo wa mizani 16, uliogawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, una kina cha kati na cha mwisho, na nilipoanza kupanga maneno juu ya mdundo niliona kwamba kina cha kati ndicho kinachomfanya msikilizaji atikise kichwa. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, aliyetunga hapa mwanzoni mwa karne ya 19 na kuwarushia wapinzani wa Mombasa mashairi makali, kwa hiyo huwa siwaelewi wanaodai kwamba kushindana kwa mistari ni jambo geni tulilolipata kwenye simu. Hata rapu yenyewe ina wazee wake hapa: kundi la Ukoo Flani lilichipukia Mombasa kabla ya kuungana na wenzao wa Dandora, Nairobi, na walijulikana nchi nzima wakati ambapo hapakuwa na video za simu za kuwabeba.

Nyanya yangu hana habari na Ukoo Flani, ila mashairi anayajua. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, akaniita. “Mjukuu wangu, maneno yako mazuri, lakini mbona unayakimbiza kama yanadaiwa?” Niliurudia ubeti ule kwa mapigo 84, na kwa kweli ukapendeza zaidi.

Saa mbili asubuhi

Abiria wa miguu hawalipi kuvuka Likoni, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya feri kuwa jukwaa zuri kuliko mengi niliyopewa baadaye, maana watu wa kila aina husimama bega kwa bega bila la kufanya. Wanafunzi watatu walinikazia macho, kisha mmoja akajitosa: “Dada, si wewe yule wa mtungi?” Walighani mistari miwili ya kwanza ya video bila kukosea hata silabi, wakacheka, basi. Nilipowauliza kama wameusikia wimbo wangu mpya, walitazamana.

Kwenye simu mwandalizi mmoja wa sherehe alitaka nikatumbuize bure kwa maelezo kwamba nitajulikana. Nilimjibu kwa adabu kwamba kujulikana tayari ninako.

Saa tatu na nusu

Dadangu mkubwa ndiye meneja wangu. Anashika hesabu katika kampuni ya kuondosha mizigo bandarini, na muziki wangu huusimamia katika muda wake wa mapumziko, kwa ukali ule ule anaoutumia kwa hati za makontena. Tulikutana kwenye kibanda cha chai Mwembe Tayari, pamoja na rafiki yangu mpiga mtungi, tukala mahamri kwa mbaazi na kutia saini karatasi ya mgao wa wimbo tunaoutengeneza kutokana na ile video.

Hapa ndipo ninapoona vijana wengi wanaopata umaarufu wa mtandaoni wakiachwa njiani, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inayatambua maandishi, muziki, rekodi ya sauti na kazi ya picha na sauti kuwa kazi tofauti, kila moja ikiwa na haki yake. Katika dakika moja ile ya kando ya bahari, kumbe kila moja ya hizo nne ilikuwamo. Maneno ni yangu. Mdundo ni wa mikono ya rafiki yangu. Rekodi na video ziliingia kwenye simu yake, aliyoiegemeza yeye mwenyewe kwa nia ya kurekodi. Dadangu aliuliza jambo ambalo hakuna aliyetuuliza katika maelfu ya maoni yaliyoandikwa chini ya video: tukiingiza mlio wa mtungi ule ule katika wimbo wa studio, tutakuwa tunatumia mali ya nani?

“Mimi nilikuwa nagonga mtungi tu, Dada,” rafiki yangu alisema.

“Mtungi ulikuwa wako na simu ilikuwa yako. Tia saini hapa.”

Dadangu hupenda kutaja mfano wa Lil Nas X, kijana wa Marekani aliyenunua mdundo mtandaoni kwa dola 30 kutoka kwa mtayarishaji wa Uholanzi, akatengeneza juu yake wimbo ambao mwaka 2019 ulikaa kileleni mwa chati ya Billboard Hot 100 kwa wiki 19. Kila anayechipukia huifahamu hadithi ya dola 30 na huisimulia kwa furaha. Sehemu isiyosimuliwa ni kwamba ndani ya mdundo ule mlikuwa na kipande kilichochukuliwa kutoka kwa rekodi ya bendi ya Nine Inch Nails, na wenye kipande hicho ilibidi waingizwe katika orodha ya watunzi. Mdundo wa bei rahisi unaweza kuja na wenyewe ambao hujawahi kuonana nao. Ndiyo maana kabla ya kununua mdundo wowote tunasoma kama ni wa kukodi au wa kumilikiwa peke yako, na tunauliza kama una sauti ya mtu mwingine ndani.

Kuhusu fedha, watu hufikiri watazamaji ni pesa. Video yetu iliwekwa upya na kurasa za watu wengine wengi, na watazamaji wale walihesabiwa kwao. YouTube haimgawii mwenye chaneli mapato ya matangazo mpaka afikishe wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zake zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Spotify, tangu mwaka 2024, hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Katika nyimbo za Skiza, zile anazosikia anayekupigia simu, sheria ya hakimiliki inampa msanii zaidi ya nusu ya mapato, na dadangu anasema hilo ndilo fungu la kwanza analolielewa bila kikokotoo. Kisha yako mashirika ya kukusanya mirabaha, ambako mtunzi na mwimbaji huandikishwa kwa njia tofauti. Mimi ni wote wawili, kwa hiyo fomu ninajaza mara mbili.

Saa tano asubuhi

Studio ya prodyuza wetu ni chumba kimoja Majengo. Alipokikodi alikuta kuta zimebandikwa katoni za mayai, akazitoa zote, kwa sababu katoni hazizuii kelele za nje na hata mwangwi wa ndani haziupunguzi vya kutosha. Badala yake ametundika mablanketi mazito na kusimamisha godoro kuu kuu nyuma ya anayerekodi. Kinga ya maikrofoni ni soksi nyepesi ya kike iliyovutwa juu ya mzunguko wa waya. Kwa macho ni umaskini mtupu. Kwa masikio, sijaona tofauti kubwa kati ya chumba hicho na vyumba vya bei ghali.

Adui mkubwa ni joto. Feni haiwezi kuwashwa wakati wa kurekodi kwa kuwa maikrofoni huinasa, na dirisha haliwezi kufunguliwa kwa sababu ya tuktuk, hivyo kila ubeti hurekodiwa ndani ya unyevu wa Mombasa huku jasho likiingia machoni. Wimbo tuliokuwa tukiurekodi, ambao bado haujatoka, una mstari unaotaja papa, pweza na pono, ambao ulinifurahisha sana nilipouandika uani, lakini mbele ya maikrofoni kila “p” ilitoa mshindo uliozidi ile soksi. Prodyuza hakuniambia niubadilishe mstari. Aliisogeza maikrofoni pembeni kidogo ya mdomo wangu ili pumzi ipite kando yake, akanitaka nitamke “p” kwa midomo ya mbele tu, bila kusukuma tumbo, na akateremsha kiwango cha kurekodi ili kilele cha sauti kisivuke desibeli 6 chini ya kikomo ambacho sauti ikikipita hupasuka. Tulirudia mpaka papa, pweza na pono wakapita salama, kisha tukaweka dabo, yaani nikarudia ubeti mzima nikifuatana na sauti yangu mwenyewe, ila katika maneno ya mwisho ya kila mstari peke yake ndipo dabo ilipobakizwa.

Adhana ya adhuhuri ilipoanza, kazi ilisimama. Hakuna blanketi linaloizuia, na hakuna kati yetu anayetaka lizuie. Tuliwasha feni, tukaswali, nikanywa maji ya uvuguvugu, na koo likapata mapumziko ambayo nisingelipa kwa hiari yangu.

Saa nane mchana

Viazi karai na ukwaju, nimesimama.

Saa tisa alasiri

Nilikuwa na mahojiano kwenye kituo kimoja cha redio cha hapa mjini. Mtangazaji alikuwa mkarimu, na kama kawaida aliniomba mitindo huru hewani, yaani kurapu papo hapo bila kuandika. Nakiri kwamba mitindo huru naipenda zaidi kuliko mahojiano, kwa sababu ndani yake siulizwi nilijisikiaje video iliposambaa. Nilitunga juu ya chochote nilichokiona mezani pake: kikombe, nyaya, karatasi ya taarifa ya habari. Alipotaka kuicheza video ile nilimwomba badala yake auchezeshe wimbo wangu uliokwisha kutoka, ule niliowauliza wanafunzi, akakubali kwa dakika mbili.

Saa mbili usiku

Kampuni moja ilikuwa na karamu ya wafanyakazi katika hoteli ya Nyali, na mkataba wetu ulikuwa dakika 20, nusu ya malipo ikiwa imekwisha kutangulia kwa M-Pesa. Askari wa getini alitaka kujua mtungi mtupu unaingizwa hotelini kwa kazi gani. Rafiki yangu aliugonga mara nne, askari akatambua, akatufungulia.

Hapa ndipo tofauti ya umaarufu na kazi inapoonekana waziwazi. Watu mia kadhaa wanajua sekunde 40 zako, nawe una dakika 20 za kuzijaza. Ukianza na sekunde hizo, wakishazipata wanarudi kwenye sahani zao. Ukiziweka mwisho, wanaokungoja huchoka mapema na kuanza kuzungumza. Sisi tunaziweka katikati, baada ya nyimbo mbili, na tunazima muziki wa kompyuta kabisa ili usikike mtungi peke yake na sauti yangu bila pambo. Simu zote ziliinuka. Papo hapo, kabla hazijateremka, tukaingia katika wimbo wa papa na pweza ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Baadhi ya wageni waliketi, na meza moja iliendelea na maongezi yake bila kujificha. Lakini kwenye kiitikio cha pili wahudumu waliokuwa wamesimama ukutani na trei zao walianza kuitikia, kisha meza za karibu nao, na nilipofika ubeti wa mwisho sikuwa na haja ya kuinua sauti. Pumzi nilizozitia mkwaju alfajiri zilikuwa bado zipo mahali pake, isipokuwa moja, iliyoliwa na kicheko changu.

Saa tano usiku

Kwenye feri ya kurudi nyumbani ujumbe wa dadangu uliingia: kampuni imemaliza salio, fungu la mpiga mtungi na la prodyuza limekwisha kutumwa, na je, nimeusajili wimbo mpya katika mtandao wa Bodi ya Hakimiliki? Nilikuwa sijausajili, kwa kuwa fomu inadai jina na wimbo haukuwa nalo. Rafiki yangu alipendekeza uitwe “Pono”. Nilitaka “Baharini”. Tulibishana mpaka abiria wawili wakaingilia kati na kumpa yeye ushindi, nami nikamwandikia dadangu kwamba ajaze “Pono”.