Pacha wa Iringa

Juzi nilikuwa nalipia luku kwa simu, kile kiduara kikawa kinazunguka tu. Binti yangu akauliza, "Mama, kwani hela inapita wapi kwanza?" Jibu nililompa halikumtosheleza, maana akili ilishanikimbia hadi Mbeya, msimu wa kahawa, nikiwa nimesimama nyuma ya keshia.

Seva yetu kuu, kompyuta inayotunza hesabu za malipo, ilikuwa pale pale ofisini. Pacha wake, seva ya pili yenye nakala ya hesabu zile zile, alikuwa Iringa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Tulikuwa kwenye SQL Server 2008, programu ya kutunza data, kwa ule mpangilio wa kusubiriana: keshia akihifadhi malipo, seva ya Mbeya haithibitishi mpaka pacha ajibu kwamba naye ameshaandika logi, yaani orodha ya kila badiliko, kwenye diski yake. Seva moja ikiungua, hela ya mkulima bado ipo kwenye ile nyingine.

Kila asubuhi kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Ikigonga saa nane mchana, kila malipo yanaganda, na ofisi nzima inalaumu mtandao.

Siku ile dirishani alikuwa bibi mmoja kutoka Mbozi, kajitanda kitenge kwa baridi, kitabu chake kakishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, hela zangu zipo?"

"Zipo bibi. Zinaandikwa sehemu mbili, ndiyo maana zinachelewa."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Nyuma yake foleni ilishafika mlangoni. Meneja akaniinamia sikioni: "Mtoe huyo pacha kwanza, tulipe watu."

Nilipiga pingi Iringa, yaani kupima ujumbe mdogo unachukua muda gani kwenda na kurudi. Milisekunde 12. Tena 12. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wenyewe, kwenda na kurudi, hauli zaidi ya milisekunde chache; zinazobaki ni za mitambo ya njiani. Njia ilikuwa safi. Ila kila muamala ulikuwa unasubiri karibu nusu sekunde, na mfumo wetu ulithibitisha mstari mmoja mmoja, hivyo malipo ya mtu mmoja yalisubiri mara nyingi mfululizo. Niliona pia pacha ana mlima wa logi ambayo hajaiingiza kwenye majedwali. Nikauacha. Pacha hujibu akishaandika logi. Kuiingiza kwenye majedwali ni kazi anayoifanya baadaye, haimzuii keshia.

Kilichobaki ni diski ya Iringa. Nikafungua takwimu zake, na kweli, kuandika kwenye logi ndiko kulikokula ile nusu sekunde. Nikampigia kijana wa kule. Akasema kuna nakala rudufu za mafaili ya ofisi zinazoanza kunakiliwa saa nane kila siku. Kwenye diski ipi? Ile ile.

Alipozisimamisha, skrini ya keshia ikafunguka. Bibi akahesabu noti zake mara mbili, akaaga. Baadaye logi ilipewa diski yake peke yake.

Meneja nilimkatalia, na leo ningemkatalia tena, kwa sababu bila pacha tungekuwa tunalipa wakulima kwa kuomba Mungu seva ya Mbeya isife. Ila kijana wa Iringa asingepokea simu, yule bibi angerudi Mbozi mikono mitupu, na wachumaji wake wanamsubiri. Hapo sijui ningemweleza nini akanielewa.