Mkwaju wa redioni

Wa miaka ya 90 mnamkumbuka Mkwaju wa ule mchezo wa redio, Twende na Wakati?? Dereva wa lori, wanawake kila kituo, mkewe Tunu kaachwa nyumbani na watoto. Jioni Radio Tanzania ikianza huo mchezo kwetu hakuna kukohoa. Ukimwi sisi watoto hatukuuelewa ila Mkwaju alipoanza kuumwa tulielewa fasta, na neno kondomu mama hakuwahi kulitamka hata siku moja, redio ndo ililitamka mbele ya baba na watu wote wakajifanya wako bize na ugali 😂

Nimekuja kujua ukubwani kumbe ulianza 1993, halafu Dodoma hawakurushiwa mpaka 1995, makusudi kabisa, ili watafiti walinganishe na mikoa mingine, na kweli waliousikiliza ndo walibadilika tabia zaidi. Mbinu yenyewe ya kufundisha watu kwa mchezo ilitoka Mexico kwa Miguel Sabido, mtengenezaji wa tamthilia za TV, ila huku Mkwaju alikua anaongea kama jirani yetu, ndo maana mtaani mwanaume kiwembe alikua anaitwa Mkwaju tu.

Sasa njoo leo. Shangazi yangu juzi mdomo umeenda upande, mkono hauinuki, dalili za kiharusi hizo, yeye anasema katupiwa jini coz kwenye muvi anazoangalia mtu akiwa hivyo anapelekwa kwa mganga au kuombewa, hospitali hawaendagi. Tukambeba kwa nguvu anagoma mlangoni. Namshukuru Mungu anaendelea vizuri, saivi ananidai bando aangalie tamthilia yake wodini.